Kwa Nini Kuku Hutazama Juu kwa Jicho Moja

Mambo haya yalianza siku ya nne ya kupura maharage, saa nne kasoro robo asubuhi. Najua kuna mmoja wenu atauliza nani alikuwa na saa wakati huo. Hakuna. Lakini mbele ya kila mlango wa kilima cha Kwamrindi palikuwa na jiwe la kusagia, na kivuli cha paa kilipofika katikati ya jiwe hilo, wanawake walijua kuwa umande umekauka na maharage yanaweza kutandazwa. Siku ile kivuli kilibakiza upana wa vidole viwili. Ukipima leo, ni saa nne kasoro robo.

Mmeshamwona kuku akidonoa chini, halafu ghafla anaacha na kulaza kichwa upande, kama mtu anayesikiliza ugomvi wa jirani. Hasikilizi kitu. Jicho moja liko ardhini, la pili liko angani. Zamani hakuwa na tabia hiyo. Zamani kuku wa Kwamrindi waliinamisha vichwa kabisa, na mbuzi waliinamisha, na watu waliinamisha, na aliyewainamisha wote alikuwa mwewe.

Kabla ya hapo mvua ilikuwa imekosa misimu mitatu mfululizo. Watu walikuwa wamekwisha kufunga mizigo ili wahame, ndipo mwewe akaonekana akizunguka juu ya korongo moja, asubuhi hadi jioni, siku mbili, bila kuondoka. Wakachimba pale kivuli chake kilipokuwa kikipita, wakapata maji. Wazee wakaweka ahadi kwa niaba ya wote waliokwisha kuzaliwa na wote watakaozaliwa: mwewe ataheshimiwa kama baba mkwe. Na baba mkwe, kwa desturi ya kilima kile, hatazamwi usoni. Kivuli chake kikipita, kila kichwa kitainama, kila mdomo utasema, "Pita salama, mkubwa," na hakuna jicho litakaloinuka mpaka kiwe kimekwenda.

Ahadi ya namna hiyo ni nyepesi siku ya kwanza. Lakini siku ya anga jeupe kivuli kiliweza kupita mara thelathini, hata arobaini. Aliyekuwa akitwanga alisimamisha mchi hewani. Aliyebeba kuni alipiga magoti na mzigo wake. Mama aliyenyonyesha aliinama mpaka mtoto akalia kwa kukosa pumzi. Watu wa pale walianza kuumwa shingo wakiwa bado vijana, na jioni kila nyumba ilinuka mafuta ya nyonyo, mume akimkanda mke na mke akimkanda mume, wote wakiwa wamechoka mno hata wasiweze kuzungumza. Hakuna aliyeuliza kama ahadi ile ina mwisho. Na kwa kuwa hakuna aliyemtazama mwewe kwa miaka yote hiyo, hakuna aliyejua tena anafananaje. Watoto waliambiwa kuwa kila bawa lake ni kama mikeka minane iliyoshonwa pamoja.

Namkunda hakuzaliwa Kwamrindi. Alitoka ng'ambo ya bonde, kwenye msitu mnene ambako mwewe hafiki, akaolewa na Kajiru, mwana pekee wa Mzee Senkondo. Kwao bi arusi huondoka na kuku mmoja wa nyumbani, kuku wa kumsindikiza, ambaye hachinjwi. Wengine hupewa jogoo mzuri au mama wa vifaranga. Namkunda alimchagua tetea mmoja mdogo, kishingo, asiye na unyoya hata mmoja kuanzia kidevu hadi mabegani. Alikuwa na sababu. Tetea huyo alitoka kwenye yai la mwisho la kiota kilichotelekezwa. Namkunda ndiye aliyelifunga kwenye kitambaa na kuliweka kando ya majivu ya moto, akaligeuza kila baada ya muda, siku mbili, hadi lilipopasuka. Alimwita Makeke, kwa sababu tangu siku ya kwanza alimkodolea macho kila aliyemsogelea.

Kwamrindi walimcheka. Jirani yao Sebughe, mtu wa maneno, alisimama uani siku ile ile ya arusi akasema, "Mke wa Kajiru, huyu ni kuku, au ni babu yangu amerudi na upara wake?"

"Kama babu yako alikuwa akitaga," Namkunda akajibu, "basi ndiye."

Watu walicheka, na Namkunda alidhani kwamba maisha pale yatakuwa rahisi. Hayakuwa. Kajiru alikwenda kuchimba mfereji pamoja na vijana wenzake upande wa juu wa mlima, na kazi hiyo ilimweka huko miezi miwili. Nyumbani walibaki Mzee Senkondo, ambaye Namkunda hakuruhusiwa kumtazama, na mama mkwe wake, ambaye watu walimwita Mama Kajiru. Namkunda alikuwa mtu wa wasiwasi. Aliogopa kukosea. Alihesabu vivuli kila siku na usiku akavihesabu tena kichwani, asije akawa ameruka kimoja. Wa kuongea naye kwa lafudhi ya kwao alikuwa Makeke peke yake. Makeke alilala chini ya kitanda chake, akamfuata kisimani, akataga kwenye kapu la nyuzi na hakukubali kutaga kwingine.

Tatizo ni kwamba Makeke hakuinama. Kivuli kilipopita, kuku wote wa uani walishusha vichwa, naye akabaki amesimama katikati yao, shingo yake nyekundu imenyooka, macho juu.

"Mwanangu," Mama Kajiru akasema siku moja, "kuku wako anamtolea mkubwa macho. Leo nimeona mara nne."

"Hajui, mama. Kwetu hakuna mwewe."

"Kuku wangu kumi na wawili wanajua. Nani aliwafundisha? Watu watasema mkwe wangu ameniletea kuku asiye na adabu, kesho watasema adabu hiyo kaitoa kwa mwenye kuku."

Basi Namkunda akaanza kumfundisha. Kila kivuli kilipopita, aliweka vidole viwili nyuma ya shingo ile tupu, akaikandamiza taratibu mpaka mdomo uguse ardhi, akahesabu pumzi tano, kisha akampa punje moja ya mtama. Siku za kwanza Makeke alipigana naye. Siku ya kumi aliacha kupigana. Siku ya kumi na tisa kivuli kilipita Namkunda akiwa mbali, mikono yake imejaa unga, na Makeke aliinama mwenyewe. Mama Kajiru alipiga kigelegele. Namkunda naye alifurahi. Alimpa punje tatu.

Nirudi sasa kwenye siku ile ya kupura maharage.

Alfajiri Namkunda alikuwa amesiriba uwanja mzima kwa udongo na samadi ya ng'ombe, kama inavyofanywa siku maharage mapya yanapotandazwa, na saa nne kasoro robo uwanja ulikuwa bado na unyevu kidogo. Mama Kajiru alikaa mlangoni akichambua mbegu. Makeke alitoka chini ya ghala, akavuka uwanja kuelekea kwa Namkunda, akiacha alama za vidole vyake kwenye udongo mbichi. Alikuwa amebakiza hatua tatu kivuli kilipoingia.

Wote wakainama. "Pita salama, mkubwa," akasema Mama Kajiru. "Pita salama, mkubwa," akasema Namkunda.

Alihesabu pumzi moja, mbili, tatu, nne, tano. Kivuli hakikupita. Aliinua macho kidogo tu, siyo juu, bali mbele, kwenye udongo. Kivuli kilikuwa kimesimama mahali Makeke alipokuwa. Kwanza kilikuwa kikubwa na hafifu, kama doa la maji linalokauka. Halafu kikaanza kupungua. Kadiri kilivyopungua ndivyo kilivyozidi kuwa cheusi, na kingo zake zikazidi kuwa kali, mpaka Namkunda aliweza kuona manyoya ya ncha za mbawa yakitengana kama vidole. Alielewa. Baadaye hakujidanganya juu ya hilo: alielewa kabla halijatokea, na muda wa kuinua kichwa na kupiga kelele ulikuwepo. Lakini mama mkwe alikuwa mlangoni, na yeye hakuwahi kukosea hata kivuli kimoja. Akabaki ameinama. Makeke naye, hatua tatu mbele yake, alibaki ameinama, mdomo umegusa ardhi, akingoja punje yake.

Makeke alilia mara moja tu. Kisha upepo ukapita, na uwanja ukawa mweupe tena.

Namkunda alipoinua kichwa aliona manyoya matatu. Hakulia wala hakuita. Alikaa chini pale alipokuwa, juu ya udongo mbichi na nguo zake, na alikaa hivyo hadi Mzee Senkondo aliporudi kutoka shambani na Sebughe nyuma yake.

"Nguchiro," Mzee Senkondo akasema alipoelezwa, akiwa amegeuza uso pembeni kama baba mkwe anavyopaswa. "Yuko kwenye ukuta wa mawe. Ndiye huyo huyo wa mwaka jana. Kesho tuzibe mashimo."

Kila mwaka walisema nguchiro. Kila kifaranga kilichopotea Kwamrindi kilihesabiwa kwa nguchiro, kwa sababu hakuna aliyekuwa akiona chochote kinapopotea. Nguchiro walikuwa wamepigwa mawe, wakamwagiwa maji ya moto, wakafukiwa wazima ukutani, na vifaranga havikuacha kupotea.

"Baba," Namkunda akasema, macho yake chini. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, haikuwa ya ubishi. "Naomba mtazame uwanja kabla ya kuziba mashimo."

Wakautazama. Alama za miguu ya Namkunda zilikuwepo, kutoka ghalani hadi pale alipokaa. Alama za Makeke zilikuwepo, vidole vitatu mbele na kimoja nyuma, zikivuka uwanja kwa mstari mmoja. Zilifika katikati. Mbili za mwisho zilikuwa zimezama kuliko nyingine, na mbele yake palikuwa na kitundu kidogo ambapo mdomo ulikuwa umegusa udongo. Baada ya hapo hapakuwa na alama yoyote ya kuku, ya nguchiro, wala ya mnyama mwingine.

Sebughe alizunguka uwanja mara mbili. "Labda kaota mbawa," akasema. "Babu yangu naye alikuwa na mambo kama hayo." Akacheka peke yake, halafu akaacha, akainama tena juu ya kile kitundu.

Mzee Senkondo alizifuata alama zile kwa macho hadi zilipoishia. "Mwewe alitupa maji," akasema mwishoni.

"Alitupa, baba."

"Huwezi kumshitaki aliyekupa maji."

"Sishitaki. Naonyesha alama tu."

Mzee alisugua shingo yake kwa mkono. "Nguchiro," akasema tena, taratibu zaidi, na akaondoka. Sebughe akamfuata.

Alasiri Mama Kajiru alimletea Namkunda bakuli la viazi na maharage, akaliweka chini, na Namkunda hakuligusa. Yule mama hakumlazimisha. Alikaa karibu naye, akanyoosha miguu, akashusha pumzi.

"Arobaini na kimoja," akasema.

"Nini, mama?"

"Vifaranga vyangu, tangu niolewe hapa. Nilikuwa nikiacha kuhesabu, halafu naanza tena. Mwaka mmoja vilikwenda saba, mbele yangu kabisa. Niliinama vikiwa saba, nikainuka hakuna hata kimoja. Nikasema nguchiro. Ulitaka niseme nini? Nilikuwa mgeni kama wewe."

"Mimi ndiye niliyemfundisha kuinama," Namkunda akasema.

"Na mimi ndiye niliyekutuma."

Kivuli kilipita, wakainama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kwa uvivu, kama watu wanaopokezana mzigo. Kilipokwisha Mama Kajiru alisema, "Mzee hatakubali. Akiona kuku anamtazama mkubwa, atasema hilo ndilo litakalokausha maji. Wengine watamuunga mkono. Hawa wamezoea."

Namkunda alikuwa akimtazama kuku mmoja wa mama mkwe, aliyekuwa akidonoa makapi karibu na miguu yao. Alimtazama sana, kama alivyotazama kila kitu.

"Mama, macho ya kuku hayako mbele kama yetu," akasema. "Liko moja huku na moja huku. Ukimlaza kichwa upande, jicho moja linatazama chini. Mtu akiuliza, kichwa kimeinama. Hakuna atakayesema hakikuinama."

"Na jicho la pili?"

"La pili ni la kwake."

Mama Kajiru alifikiri. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, kilichoishia kwenye kukohoa. "Kama mwari kwenye kilio cha watu asiowajua," akasema. "Huku analia, huku anatafuta chakula kiko wapi."

Na tangu siku hiyo kuku hakuinamisha tena kichwa chote. Wale kumi na wawili walijifunza, wakawafundisha vifaranga vyao, na vifaranga vikakua na kuuzwa, vikapelekwa ng'ambo ya bonde na mbali zaidi, mpaka leo hakuna kuku asiyejua. Akiona kivuli hulaza kichwa, jicho moja likaheshimu ardhi, jingine likamtafuta aliye juu, na akimwona hupiga ile kelele yake na vifaranga hukimbilia chini ya mbawa. Wakati mwingine huchelewa. Mwewe bado huchukua. Lakini hachukui tena bila kuonekana, na ndiyo maana siku hizi hashuki taratibu kama mkubwa anayepita, bali hujitupa kwa haraka na kuondoka kwa haraka, kama mwizi. Watu nao waliacha kuinama, mmoja baada ya mwingine, hadi alipofariki mzee wa mwisho aliyekuwa akishika ahadi. Maji ya korongoni hayakukauka. Nguchiro walirudi kwenye ukuta wa mawe, na huiba mayai, jambo ambalo ni kosa lao kweli.

Hayo yote yalichukua miaka. Asubuhi ya kesho yake hakuna lililokuwa limebadilika. Namkunda aliamka mapema, macho yamevimba, akatandaza maharage kwa sababu yalikuwa yakingoja na hakukuwa na mtu mwingine wa kuyatandaza. Alimshika kuku mmoja wa mama mkwe, akakaa naye uwanjani, akamlaza kichwa upande kwa kiganja. Mama Kajiru alikaa mlangoni na mbegu zake. Kivuli kikaja, yule mama akainama kama kawaida, miaka thelathini ya kuinama imo kwenye mifupa yake. Namkunda hakuinama. Aliinua uso wote, jua likamchoma macho yakatoka machozi, naye hakuyafunga.

Mwewe alikuwa juu ya ghala. Alizunguka mara moja, akaona uso wa mtu umemwelekea, akazunguka mara ya pili akiwa juu zaidi, kisha akageukia upande wa mlima.

"Yukoje?" Mama Kajiru akauliza, bado ameinama.

Namkunda alimfuata mwewe kwa macho. Alitaka kusema sawasawa.

"Mdogo, mama," akasema. "Ni mdogo kuliko kivuli chake. Mkia wake una pengo katikati, na bawa moja limenyonyoka."

Mama Kajiru akaweka mkono nyuma ya shingo yake, akaisukuma juu kidogo kidogo, kwa maumivu, hadi akalitazama anga. Lilikuwa tupu.

"Akirudi uniite," akasema.

Namkunda alimwachia yule kuku, akachukua fimbo, akaanza kupura maharage.